Mgeni Aliyempa Mwenyeji Jembe

Mwaka 1561 watemi wa bonde la Jauja, katika milima ya kati ya Peru, waliingia mahakama kuu ya Lima wakiwa na kamba. Kamba hizo, zenye nyuzi zinazoning'inia na mafundo ya kila namna, huitwa kipu, na ndizo zilizokuwa vitabu vya hesabu vya dola ya Inka. Msomaji wa kipu alipitisha vidole fundo kwa fundo, mkalimani akatafsiri, karani wa Kihispania akaandika: llama, nguo, mahindi, viazi, viatu, kuni, nyasi za farasi, wapagazi waliotoka na wapagazi ambao hawakurudi. Hesabu ilianzia siku zile Francisco Pizarro, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, alipokuwa bado amemfungia mfalme Atahualpa mjini Cajamarca, ikaendelea miaka na miaka. Walivyotoa wenyewe viliwekwa kwake, na vile ambavyo askari walijichukulia kwa mabavu navyo kwake. Watemi hawa hawakwenda Lima kulia. Walipeleka ankara.

Nimeanza na kamba hizo kwa sababu zinavuruga hadithi tuliyoizoea. Hadithi yenyewe ni fupi: tarehe 16 Novemba 1532, wanaume 168 wenye farasi, panga za chuma na bunduki chache walimteka mfalme mwenye jeshi la maelfu, na dola kubwa kuliko zote za Amerika ikaanguka kama nazi iliyooza. Utekaji ni kweli, na idadi ni kweli. Lakini ukishamteka mfalme wa watu, kesho yake unakula nini? Nani anakuonyesha njia ya kuvuka milima? Nani anakubebea mizigo, na nani anakwambia ghala liko wapi? Ankara ya Jauja inajibu maswali yote hayo, tena kwa idadi.

Wahuanca, wenye bonde hilo, walikuwa wametiwa chini ya Inka kwa nguvu, na wazee wao walikuwa bado wanakumbuka. Kwenye vilima vyao Inka walijenga maghala ya mawe zaidi ya elfu moja na kuyajaza jasho la Wahuanca. Zilipozuka vita vya kugombea kiti kati ya Atahualpa na nduguye Huáscar, majemadari wa Atahualpa walipiga kambi bondeni humo na kula walichokikuta. Basi walipotokea wageni wenye ndevu waliomfunga Atahualpa, Wahuanca walisema moyoni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Si wao peke yao. Wakañari na Wachachapoya wa kaskazini walihesabu vivyo hivyo. Mwaka 1536, mfalme Manco Inka alipouzingira Cusco, mji mkuu wa Inka, Wahispania waliokuwa ndani hawakufika 200, na waliosimama nao ukutani kwa maelfu walikuwa wenyeji waliokuwa na kisasi chao na Inka. Haikuwa bahati, pia, kwamba makao makuu ya kwanza ya Wahispania nchini humo yalikuwa Jauja yenyewe, kabla ya kuhamia pwani na kuanzisha Lima mwaka 1535. Ghala lilikuwa limekwisha jaa.

Mexico ilikuwa imetangulia kwa njia hiyohiyo. Tenochtitlan, mji wa Moctezuma, mfalme wa Waazteki, ulianguka tarehe 13 Agosti 1521, na sehemu kubwa ya jeshi lililouangusha haikujua neno la Kihispania. Walikuwa Watlaxcala na wenzao, watu wa miji iliyokuwa imezungukwa na kubanwa na Waazteki kwa miongo mingi. Watlaxcala waliuona ushindi ule kuwa wao. Waliuchora kwenye vitambaa vikubwa, na katika michoro hiyo wao wako mbele kabisa, Wahispania pembeni yao kama washirika. Miaka 70 baadaye, mwaka 1591, familia 400 za Kitlaxcala zilihamia kaskazini kwenda kukaa kati ya makabila ambayo Hispania ilishindwa kuyatuliza kwa vita. Zilikwenda kwa masharti yaliyoandikwa: kupanda farasi, kubeba silaha na kutolipa ushuru. Huo ni mkataba, na mkataba huandikwa na pande mbili.

Sasa tuangalie utawala wenyewe ulivyokaa baada ya vita, maana hapo ndipo kwenye kiini. Kitengo cha maisha ya Wanahua wa Mexico, wasemaji wa Kinahuatl, kilikuwa altepetl, neno lenye sehemu mbili, maji na mlima. Kila altepetl ilikuwa na mtawala wake wa ukoo, soko lake, hekalu lake na mitaa yake iliyopokezana kazi kwa zamu. Hispania haikuwa na watu wala akili ya kuvunja mpangilio huo na kusuka mwingine. Ikauchukua ulivyo. Parokia ya Kikatoliki ikafuata mpaka wa altepetl. Baraza la mji la Kihispania likajazwa watu wa koo zilezile zilizokuwa zikitawala, na gavana wake wa kwanza mara nyingi alikuwa ndiye mtawala mwenyewe, sasa amebatizwa na anaitwa don Diego au don Luis. Kumbukumbu za baraza la Tlaxcala za katikati ya karne ya 16 zimeandikwa kwa Kinahuatl, na zinafurahisha kuzisoma. Mwaka 1553 waheshimiwa wanalalamika kwamba watu wa kawaida wamepata fedha kwa kuuza kochinili, ile rangi nyekundu itokanayo na wadudu wa mpungate, na sasa wameacha kulima mahindi, wanakunywa kakao na kulewa, hawamheshimu mtu. Ni malalamiko ya wazee wa popote duniani kuhusu vijana wenye pesa. Ukoloni uko mlangoni, nao wanagombana kuhusu adabu.

Hata ile encomienda, ambayo husemwa kana kwamba ilikuwa ugawaji wa mashamba, haikumpa Mhispania ardhi. Ilimpa haki ya kupokea ushuru na nguvukazi ya watu fulani, na huko Peru hati ilimtaja mtemi kwa jina lake pamoja na watu wake. Tafakari maana yake. Pasipo mtemi anayetiiwa, hati hiyo ni karatasi tu. Neno lenyewe walilolitumia kwa watemi wote, cacique, hawakulitoa Hispania. Walilibeba kutoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, watu wa kwanza kukutana nao na wa kwanza kuteketea, kisha wakalivisha kila kiongozi waliyemkuta hadi Andes.

Ukitaka kuupima ukweli wa haya, nenda mahali ambapo hapakuwa na kiti cha kukalia. Kusini mwa Chile waliishi Wamapuche, watu wasio na mfalme, wasio na mji mkuu, wasio na ghala la dola wala orodha ya walipa ushuru. Kila ukoo ulikuwa na kiongozi wake, na viongozi walikutana wakati wa vita tu. Mhispania Pedro de Valdivia alijaribu kuwatawala kwa mbinu za Peru, akauawa Tucapel mwezi Desemba 1553. Mwaka 1598 waliua gavana mwingine huko Curalaba, na katika miaka iliyofuata miji saba ya Kihispania kusini mwa mto Biobío ikapotea. Mwaka 1641, huko Quillín, dola iliyokuwa na Mexico, Peru na Ufilipino iliketi kitako na kukubali kwamba mto Biobío ni mpaka. Farasi walikuwa walewale, panga zilezile, maradhi yaleyale. Kilichokosekana ni daftari la kurithi.

Hadi hapa huenda msomaji anadhani nataka kusema Hispania haikubadilisha sana, kwamba ilikalia tu kiti chenye joto. Kuna wanaosema hivyo, tena siku hizi wamekuwa wengi, na wengine wanavuka na kuuliza: kama wenyeji walishirikiana, lawama ya nini? Wakifika Cusco wanaonyesha kanisa la Santo Domingo, lililojengwa juu ya kuta za Qorikancha, hekalu la jua la Inka. Tetemeko la mwaka 1950 liliangusha sehemu za juu za Kihispania, kuta za Inka zikabaki zimesimama. Ni mfano mtamu, na kila mwongoza watalii anaujua. Kwangu mimi ni mfano unaopotosha. Jiwe halili, halizeeki, halidai. Lililojengewa juu na Wahispania lilikuwa hasa mapatano kati ya watu, na mapatano yana pande mbili.

Chukua mita. (Si hii ya kupimia vitambaa, kwa Kikechua neno hilo, mit'a, ni zamu.) Chini ya Inka kila jamii ilitoa watu kwa zamu kujenga barabara, kulima mashamba ya dola, kwenda vitani. Aliyekwenda, ndugu zake walimlimia shamba nyumbani. Huko alikokwenda alilishwa kutoka kwenye yale maghala, akanyweshwa pombe ya mahindi, akapewa koka, pengine na nguo. Mtemi aliyeita watu kazini bila karamu angejikuta peke yake shambani. Mkono mtupu haulambwi. Tusiwapambe Inka, maana walihamisha vijiji vizima kwa nguvu na kuwatoa watoto kafara juu ya vilele vya milima, na chuki ya Wahuanca haikutoka hewani. Hata hivyo, kanuni ya nipe nikupe ilikuwepo, na hata mbabe alilazimika kuigiza kwamba anaiheshimu.

Madini ya fedha ya Potosí, katika Bolivia ya leo, yaligunduliwa mwaka 1545, mlimani, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari (hizi sasa ndizo za kupimia). Miaka ya mwanzo Wahispania walitegemea hata utaalamu wa wenyeji: mawe yale yalikataa kuyeyuka kwenye tanuri za mivuo, yakakubali kwenye guayra, tanuri ndogo za Kiandes zilizowekwa kwenye miteremko kupepewa na upepo. Mwandishi Pedro Cieza de León, aliyefika mwaka 1549, alisimulia jinsi mlima ulivyowaka taa usiku kwa wingi wa tanuri hizo. Waliozimiliki na kuzichochea ni wenyeji, na fedha nyingi ilipita mikononi mwao kwanza. Kisha ikaja njia ya kuchenjua kwa zebaki ya machimbo ya Huancavelica, Peru. Tanuri za upepo zikabaki pembeni, na migodi ikahitaji misuli kuliko maarifa.

Ndipo alipoingia Francisco de Toledo, mtawala aliyetumwa na Mfalme Philip II mwaka 1569. Mwaka 1572 alimkata kichwa Túpac Amaru, Inka wa mwisho wa Vilcabamba, maficho ya Inka milimani, katika uwanja wa Cusco. Mwaka uliofuata akaifufua mita, kwa jina lilelile na kupitia watemi walewale, wanaoitwa kuraka. Mikoa 16 ilipaswa kutoa mwanamume mmoja katika kila saba, wa miaka 18 hadi 50, jumla kama 13,500 kila mwaka, waende Potosí. Wengine walitembea miezi miwili na wake, watoto na llama wao. Ujira uliwekwa, ila haukutosha kumlisha mtu aliyekuwa akinunua kila kitu kwa bei za mji wa machimbo. Ghala lilikuwa limefungwa na karamu imekwisha. Hakuna aliyemlimia shamba, kwa kuwa ndugu nao walikuwa wanangojea zamu yao, na zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa kutoka vitongoji vyao hadi miji mipya iliyopangwa kwa kamba ya seremala. Wahenga wetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu, siku ya tatu, alimkabidhi mwenyeji jembe, akakaa kivulini.

Hesabu yake ina dosari moja ambayo kwangu ndiyo inayoeleza ukoloni huu kuliko upanga wowote. Idadi ya wanaume wa kutolewa ilipangwa kwa sensa ya Toledo. Kisha ndui na surua vikapita tena na tena. Watu wakafa, idadi ikabaki. Kuraka aliyetakiwa kuleta watu mia akawa na sitini, na pengo alilifidia kwa fedha kutoka mfukoni mwake au mfukoni mwa watu wake. Wenye migodi wakagundua kwamba fedha hiyo inaingia bila kuchimba kitu, wakaizoea, wakawapa watu hao wasiokuwepo jina la mzaha, wenyeji wa mfukoni. Wafu walikuwa wanalipa kodi. Walio hai nao wakajifunza njia ya kutoroka: ukihama kijiji chako na kwenda kukaa kwa wengine, unaandikwa mgeni, na mgeni hayumo kwenye orodha ya mita. Maelfu kwa maelfu walichagua kuwa wageni katika milima ya babu zao. Kufikia mwishoni mwa karne ya 17 mita ya Potosí ilikuwa imeshuka hadi karibu watu 4,000.

Kwa hiyo naposema Hispania ilijenga juu ya jamii za wenyeji, namaanisha ilirithi ukurasa mmoja wa daftari, ule unaoonyesha mwananchi anadaiwa nini. Ukurasa wa pili, unaoonyesha mtawala anadaiwa nini, iliunyofoa. Kuraka akabaki katikati, mtu wa kuamriwa na huku na wa kuulizwa na kule, akiita watu kazini kwa heshima ya babu zake wakati hana tena pombe ya kuwapa. Wapo walionufaika, hilo halifichiki. Walivaa hariri, wakasomesha watoto kwa Wajesuiti, wakakodisha mashamba ya jamii kana kwamba ni yao. Tukiwaita wasaliti tunarahisisha mno, na tukiwaita washirika tunarahisisha zaidi. Ushirika unahitaji uwezo wa kujitoa. Yule Mhuanca aliyepeleka ankara Lima alisikilizwa kwa adabu, na mwana wa mmoja wa watemi hao alivuka bahari hadi Hispania akarudi na nembo ya ukoo kutoka kwa mfalme. Ila nembo haikumwondolea mkulima wa Jauja mzigo mgongoni.

Msomaji wa pwani yetu ana kipande chake katika hadithi hii. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Philip huyohuyo, kwani kati ya 1580 na 1640 mfalme wa Hispania alikuwa ndiye mfalme wa Ureno. Neno reale, ambalo wazee walihesabia mahari na bei ya mashamba, limetokana na real, sarafu ya mataji hayo ya Hispania na Ureno. Na mbinu ilifanana: Malindi iliyokuwa na ugomvi na Mombasa iliwapokea Wareno, na mtawala wake akazawadiwa kiti cha Mombasa. Mrithi wa kiti hicho, Yusuf bin Hasan, alilelewa Goa, koloni la Wareno nchini India, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa atawale. Mwaka 1631 alimuua kapteni wa ngome na kuwafyeka Wareno wa mji. Walimlea awe daraja, akajua vizuri mno daraja linavyokanyagwa.

Andes walipata wa kwao miaka 150 baadaye. José Gabriel Condorcanqui alikuwa kuraka wa Tungasuca, Surimana na Pampamarca, mwenye misafara ya nyumbu, msomi wa Kihispania na Kikechua, aliyejitaja kuwa kizazi cha yule Túpac Amaru aliyekatwa kichwa na Toledo. Hakuanza na silaha. Alikwenda Lima, na mwaka 1777 alikuwa bado mjini humo akiomba watu wake waondolewe mita ya Potosí. Ni miaka 216 tangu watemi wa Jauja kuingia mahakamani na kamba zao katika mji uleule. Ombi lilikwama.

Tarehe 4 Novemba 1780 alimkamata Antonio de Arriaga, mkuu wa wilaya wa Kihispania, akamlazimisha kutia sahihi barua za kuita watu, fedha na silaha zije Tungasuca. Zikaja. Mtandao wa kuita watu kwa zamu, ambao Inka waliusuka na Toledo akauteka, ulifanya kazi safari hii kwa upande mwingine. Siku sita baadaye Arriaga alinyongwa. Mke wa kuraka, Micaela Bastidas, alisimamia chakula, barua na ulinzi wa njia kwa ukali uliowashinda majemadari wengi. Lakini makuraka hawakuwa kitu kimoja, kama ambavyo hawakuwa mwaka 1532. Mateo Pumacahua wa Chinchero alijiunga na upande wa mfalme na watu wake wakasaidia kuuzima uasi. Mume na mke waliuawa siku moja, tarehe 18 Mei 1781, katika uwanja uleule wa Cusco. Hukumu ilipiga marufuku mavazi ya Inka, ikaishambulia lugha ya Kikechua, ikaanza kuukata urithi wa cheo cha kuraka. Mwaka 1814 Pumacahua, sasa mzee, naye aliasi, na mwaka uliofuata akauawa.

Mita yenyewe ilifutwa na bunge la Hispania lililoketi Cádiz mwaka 1812. Ushuru wa wenyeji uliishi zaidi. Jemadari José de San Martín aliufuta alipotangaza uhuru wa Peru mwaka 1821. Mwaka 1826 jamhuri changa, hazina yake ikiwa tupu, iliurudisha kwa jina la mchango wa wenyeji, na serikali ya watu huru ikaendelea kuukusanya vijijini hadi mwaka 1854. Alipoufuta rais Ramón Castilla, Peru ilikuwa imeanza kutajirika kwa kuuza Ulaya samadi ya ndege wa visiwa vya pwani, kiasi kwamba hazina haikuzihitaji tena sarafu za watu wa milimani.